Historia Fupi ya Pikipiki ya Umeme, na Ombi la Vijana wa Kidato cha Tatu



Katika mkutano wetu uliopita, pale bwaloni, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama kwa niaba ya wenzake wa chama cha sayansi akasoma ombi. Waliomba wazee wa shule tuwasaidie kupata betri, mota na kontrola ili wajenge pikipiki ya umeme, waichaji kwa nguvu ya jua, na hatimaye waishindanishe na pikipiki za shule zitakazokubali kujenga za kwao. Mnakumbuka yaliyofuata. Wengine walipiga makofi, wengine wakauliza tangu lini paa la bweni liliacha kuvuja. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopinga, tena kwa sauti kubwa. Nilisema shule si gereji. Mwenyekiti akaniadhibu kiungwana: akaniagiza nichunguze historia ya jambo hilo na kuiandika katika gazeti letu, kwani mtu apingaye jambo, alisema, yampasa alijue kwanza.

Basi nimechunguza, na taarifa ndiyo hii. Lakini kabla sijafika mbali sina budi kukiri siri ambayo wenzangu wa darasa wanaijua na vijana hawaijui. Sisi nasi tulijaribu.

Ilikuwa mwaka 1997. Buswelu ya siku hizo haikuwa makao ya Manispaa ya Ilemela, maana manispaa yenyewe haikuwako hadi mwaka 2012. Ilikuwa mashamba ya mihogo, mawe, na njia ya vumbi. Tulipata stata ya Land Rover iliyokufa, tukaifunga kwa waya kwenye baiskeli ya Phoenix, na juu ya keria tukaweka betri ya lori iliyokuwa na uzito wa kadiri ya kilo 30. Tukatangaza mashindano: chombo chetu dhidi ya baiskeli ya mpishi wa shule, kutoka mlango wa shule hadi mwembe wa sokoni. Mpishi alikuwa amebeba gunia la mkaa, nasi tulimwambia asilishushe, kwa kuwa tulikuwa na uhakika wa ushindi. Kwa hatua mia moja hivi tulimtangulia. Kisha stata ikaanza kutoa moshi, nyaya zikayeyuka, betri ikapinduka, na maji ya asidi yakamla mwenzetu suruali ya shule na kumbabua paja. Mpishi akatupita polepole huku akipiga kengele. Hakuna aliyetueleza kosa letu lilikuwa nini, tulichapwa tu. Imenichukua zaidi ya robo karne kulijua, na nitalieleza hapa chini.

Watu wengi hudhani pikipiki ya umeme ni jambo la jana. La, hasha. Mwezi wa Aprili 1881 Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu yenye mota ya umeme katika mitaa ya Paris. Miaka minne ikapita kabla Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach hawajatengeneza, mwaka 1885, chombo chao cha mbao chenye injini ya petroli, ambacho vitabu vingi hukiita pikipiki ya kwanza. Mwaka 1895 Mmarekani Ogden Bolton akapewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Umeme, kwa hiyo, ulitangulia. Kilichouangusha ni betri. Betri ya risasi na asidi, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hubeba nguvu ya kadiri ya wati-saa 30 hadi 40 kwa kila kilo moja. Kilo moja ya petroli ina karibu wati-saa 12,000. Hata ukikumbuka kwamba injini ya pikipiki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa joto, na kwamba mota nzuri ya umeme hupoteza kidogo sana, bado petroli ilishinda kwa mbali, nayo ikatawala barabara kwa miaka mia moja.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1991, kampuni ya Sony ya Japani ilipoanza kuuza betri za lithiamu. Hizi hubeba nguvu mara nne au tano, au zaidi ya hapo, kwa uzito ule ule. Wataalamu watatu waliozifanyia kazi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri hizi kwanza ziliingia katika kamera na simu. Kisha watu wakaanza kuulizana kama zingeweza kusukuma pikipiki, na je, kwa mwendo gani?

Jibu lilitafutwa mahali pagumu kuliko pote. Katika bahari kati ya Uingereza na Ireland kiko Kisiwa cha Man, ambako tangu mwaka 1907 hufanyika mashindano ya pikipiki katika barabara za kawaida: kupita vijijini, kando ya kuta za mawe, juu ya mlima na kushuka tena, kilomita 60.7 kwa mzunguko mmoja. Tarehe 12 Juni 1909 hakuna aliyewaza umeme pale; tarehe 12 Juni 2009, miaka mia moja kamili baadaye, zilipangwa mstarini pikipiki zisizotoa moshi wala mlio. Mshindi alikuwa Rob Barber, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 141 kwa saa. Mwaka huo huo pikipiki ya petroli iliyokuwa ya kasi kuliko zote ilizunguka njia hiyo kwa kilomita 212 kwa saa. Wenye petroli walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini mtazameni mtu aliyebuni mota za pikipiki ile iliyoshinda. Cedric Lynch ni Mwingereza aliyeacha shule akiwa bado mtoto. Mota yake, yenye umbo la sahani nene, aliianza kwa majaribio nyumbani, akikata makopo matupu ya supu apate chuma chembamba. Baadaye alishirikiana na Arvind Rabadia, na mota hizo zikatengenezwa India kwa jina la Agni, yaani moto. Hapa ndipo nilipoanza kunyamaza. Sisi wa mwaka 1997 tulikuwa na stata na hatukuwa na mtu wa kutuambia kwamba stata imeundwa kufanya kazi sekunde chache tu: hunyonya umeme mwingi mno, hutoa nguvu kubwa ya kugeuza injini, kisha hupaswa kupumzika. Ukiilazimisha iende nusu dakika, hujiunguza yenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, pamoja na kukosa kitu cha kupima na kugawa umeme, ambacho vijana wa leo wanakiita kontrola. Mota ya Lynch iliundwa ifanye kazi mfululizo. Tofauti ni elimu ile, na makopo tulikuwa nayo.

Waliokwenda Kisiwa cha Man hawakuwa makampuni peke yake. Tangu mwaka ule wa kwanza, 2009, walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kingston cha Uingereza, na mwaka 2011 wakaja wa MIT kutoka Marekani. Serikali ya kisiwa ilikuwa imeweka zawadi ya pauni 10,000 kwa pikipiki ya umeme ya kwanza kuzunguka kwa wastani wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161. Mwaka 2011 Michael Rutter, akiendesha pikipiki ya Mmarekani Michael Czysz, alipata maili 99.604. Hebu fikirini uchungu wake. Mwaka uliofuata akarudi na kupata 104.

Kisha ikaja zamu ya Chuo Kikuu cha Nottingham. Wanafunzi wa huko walijenga pikipiki yao wakashindana na Mugen, kampuni ya Kijapani yenye fedha na wataalamu ambao chuo hakiwezi hata kuwaota. Mwaka 2016 wanafunzi hao walishika nafasi ya tatu. Mwaka 2017 ya tatu tena. Mwaka 2018 wakashika ya pili, mbele ya mojawapo ya pikipiki za Mugen, kwa mwendo uliozidi kilomita 190 kwa saa. Mwaka 2019 mshindi alifika kilomita 196, wakati rekodi ya petroli ilikuwa 218. Pengo la kilomita 71 lilikuwa limepungua kuwa 22 katika miaka kumi.

Mwendeshaji wa wanafunzi wa Nottingham katika miaka yote mitatu alikuwa Daley Mathison. Tarehe 3 Juni 2019, katika kisiwa kile kile, alianguka akafa akiwa na umri wa miaka 27. Siku hiyo alikuwa juu ya pikipiki ya petroli, katika mashindano mengine. Sikulileta jambo hili ili kuwatisha vijana. Nimelileta kwa sababu katika orodha ya marehemu tunayoisoma kila mkutano wamo wenzetu wawili walioondoka kwa pikipiki, mmoja katika barabara ya Nyakato, na mimi nilipopinga ombi bwaloni nilikuwa nikiwafikiria wao, ingawa nilizungumzia paa.

Baada ya mwaka 2019 mashindano ya umeme ya Kisiwa cha Man yalisimamishwa, na hayajarudi. Mwaka huo huo yalianzishwa mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme katika viwanja maalumu, nayo yalianza kwa balaa: mwezi Machi 2019, huko Jerez, Hispania, moto ulizuka usiku katika hema la kuchajia ukateketeza pikipiki zote 18. Mashindano yakachelewa hadi Julai. Yakaendelea hadi mwaka 2025, kisha waandaaji wakayasimamisha kwa kuwa watazamaji walikuwa wachache. Kijana anayedhani kwamba historia hii ni ngazi ya kupanda tu, na azingatie hayo.

Kuna kundi moja nililolipenda kuliko yote, nalo halikushindana na mtu. Wanafunzi 23 wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Eindhoven, Uholanzi, walijenga pikipiki waliyoiita STORM Wave, yenye betri ya kilowati-saa 28.5 iliyogawanywa katika vipande vinavyotolewa kimoja kimoja, iweze kwenda kilomita 380 bila kuchajiwa. Tarehe 14 Agosti 2016 waliondoka kwao kuizunguka dunia, wakipita Uturuki, Iran, Uchina na Marekani. Tarehe 2 Novemba walirudi, baada ya siku 80 na kilomita zipatazo 23,000. Njiani walichaji kwa wenyeji waliokubali kuwapa plagi. Nawaza wangepita Buswelu mwaka 1997 wakati wa mgao wa umeme! Wangelala hapa wiki nzima wakila ugali na sato.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, tuvuke ziwa letu wenyewe.

Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walishiriki katika mradi wa vyuo vingi ulioanzishwa na wanafunzi wa MIT, ambao gari lake, Vision 200, lilionyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Waliporudi Kampala hawakuridhika na kuwa sehemu ya kazi ya wengine. Wakiongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na Paul Isaac Musasizi, walijenga gari dogo la watu wawili la umeme, Kiira EV, lililozinduliwa rasmi mwezi Novemba 2011. Liliweza kwenda kadiri ya kilomita 80 kwa chaji moja. Wapo waliolikejeli, wakisema betri na vitu vingine vilinunuliwa nje. Ni kweli vilinunuliwa. Lakini hata pikipiki iliyoshinda Kisiwa cha Man mwaka 2009 ilitumia fremu ya Suzuki. Hakuna afuaye kila msumari wa nyumba yake. Kazi ya Makerere ilikuwa kuunganisha, kupima, kukosea na kurekebisha, na matunda yake yalionekana: mwaka 2016 lilizinduliwa basi la Kayoola lenye vioo vya sola juu ya paa, na kutokana na mradi wa wanafunzi likazaliwa shirika la Kiira Motors lenye kiwanda chake Jinja, pale pale maji ya ziwa letu yanapoanza safari ya Mto Nile.

Kenya nako, kampuni inayoitwa sasa Roam, inayounda pikipiki za umeme Nairobi, ilianza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na chimbuko lake ni utafiti wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden. Huko Mbita, ukingoni mwa ziwa, tangu mwaka 2008 pamekuwa na kituo cha sola cha kuchaji taa za wavuvi. Rwanda imekwenda mbele zaidi: kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi isipokuwa iwe ya umeme. Na kwetu Tanzania, Machi 2022, mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya aliwashangaza watu wa Dar es Salaam kwa gari la umeme alilolibuni mwenyewe, yeye ambaye si mhandisi wa cheti.

Sasa nirudi Buswelu. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa leseni, bodaboda imekuwa ajira ya kwanza kwa vijana wetu wengi wanaomaliza kidato cha nne. Pikipiki ya kawaida hutumia kadiri ya lita mbili za petroli kwa kilomita 100. Ya umeme hutumia kilowati-saa tatu au nne kwa mwendo huo. Kila mmoja apige hesabu mwenyewe kwa bei ya siku anayosoma gazeti hili. Nimezipiga mara tatu, na kila mara umeme ulikuwa nafuu. Kizuizi ni bei ya betri mwanzoni. Na ufundi? Wavuvi wa dagaa wa Kirumba na Igombe waliacha karabai zamani, na vijana wanaotengeneza betri za taa zao wanajua habari za lithiamu kuliko mimi niliyefika chuo kikuu. Nilikwenda kumwona mmoja. Alinionyesha jinsi ya kupima seli moja moja, kutupa mbovu na kuunganisha nzima, na akanionya juu ya kuchaji usiku bila mtu. Hakuwa amesikia habari za Jerez. Aliwahi kuunguza kibanda chake.

Kwa hiyo nimebadili msimamo, ila si wote. Nitawaunga mkono vijana kwa masharti ambayo nimemwandikia mwenyekiti, na ninayarudia hapa ili asije mtu akasema sikuyasema. Betri isichajiwe wala kuhifadhiwa katika jengo la bweni. Ijengewe kibanda chake cha matofali, mbali, chenye ndoo za mchanga. Fundi wa taa za dagaa alipwe aje kufundisha, wala asialikwe kwa chai tu kama tulivyozoea kuwafanyia mafundi. Mashindano yasifanyike barabarani kamwe, hata saa kumi na mbili alfajiri, hata kama diwani ataruhusu. Yafanyike uwanjani, na yapimwe kwa umbali ambao chombo kitakwenda kwa kilowati-saa moja, asishinde mwenye kasi kubwa bali mwenye kufika mbali. Najua vijana hawatalipenda sharti hili. Mimi pia nisingelipenda mwaka 1997. Kofia ngumu zinunuliwe kabla ya mota.

Na paa? Paa linavuja bado. Mweka hazina amenieleza kwamba fedha za paa na fedha za pikipiki zinatoka katika mifuko miwili tofauti, na kwamba waliopiga kelele zaidi kuhusu paa, nikiwamo mimi, hatujalipa ada ya chama kwa mwaka huu. Nimekwisha lipa.

Wakati ninaandika haya fremu imekwisha chomelewa. Iko karakana ya shule, juu ya benchi lile lile tulilofungia stata. Wamepata rimu ya mbele, ya nyuma bado. Mwenye rimu ya inchi 18 iliyo nzima na awasiliane na katibu. Siku ya majaribio itatangazwa. Mpishi wetu wa zamani yu hai, mzee sasa, anaishi karibu na soko. Nilimpelekea salamu za vijana kwamba wanamwomba aje kupunga bendera. Amejibu kwamba bendera wampe mtu mwingine, yeye atakuja na baiskeli.